Siti Aliyoing'oa Baba Oska

Jumatatu, 2 Juni

Gulio la Sitalike. Vitenge vimetoka vizuri. Nimerudi Mpanda nimekalia gunia lililokunjwa, nimelifunga kwa mpira juu ya chuma cha pikipiki. Niliposhuka nilishika ukuta kwanza. Jirani akauliza kama naumwa. Siumwi. Nimeibiwa.

Niandike vizuri, nisije nikasahau nikamsamehe. Fulgensi aliondoka mwezi uliopita kwenda kuishi na Jaki wa saluni. Pikipiki hakuweza kuichukua. Kadi ina jina langu, niliinunua kwa mpunga wangu. Basi akachukua spana, akafungua siti, akaondoka nayo kichwani kama ndoo ya maji. Eti siti alinunua yeye. Mtu mzima, baba wa Oska wetu aliye bweni. Mtaa mzima wa Majengo ukitazama.

Sijalia. Nina hasira tu, na mgongo.

Jumatano, 4 Juni

Mama amepiga simu kutoka Kasansa. Mama wa Fulgensi, lakini namwita Mama na sitaacha. Kipaimara cha mjukuu wake, Neema, ni tarehe 22. Msimamizi wa Neema ni mimi, nilikubali kabla ya mambo haya. Fulgensi atakuwepo. Atakuja na Jaki kumtambulisha kwa ukoo.

Mama hakusema nisije. Alisema, "Njoo, mwanangu." Ila kwanza aliuliza kama nina hakika, na swali lile nimelibeba siku nzima.

Miaka yote, kwenye sherehe za ukoo ule, mimi ndiye ninayekaa kulia kwa Mama. Namkatia nyama, namshikia kikombe. Nikifika Kasansa nimepinda, nashushwa kwa kushikwa mkono, watasema huyu amekwisha. Jaki atakaa pale. Hapana. Nitashuka mwenyewe, mgongo umenyooka, na Fulgensi aone. Nataka siti nzuri kuliko ile aliyoiba.

Jumamosi, 7 Juni

Nimezunguka maduka ya vipuri. Kuna siti imetoka nje ya nchi, imechongwa kama mgongo wa samaki, ndani wanasema ina jeli. Nikaikalia pale pale dukani. Mwanzo ni raha tupu. Nikaendelea kukaa. Muuzaji akaanza kukereka, akahudumia wengine, akarudi, nipo. Hapo ndipo mshono wa katikati ulipoanza kuniuma, na nikagundua nateleza kwenda mbele kwenye tangi. Siti imekatwa kwa ajili ya mtu mwingine, mwanamume mrefu, mwembamba, asiye na mizigo.

Sikununua. Muuzaji amenisindikiza kwa macho mabaya. Sijali.

Jumanne, 10 Juni

Ushauri wa vijana wa kijiweni: weka tyubu chini ya kitambaa, ijaze upepo, utakaa kama bosi. Nimekaa kama bosi mpaka kwenye mteremko wa kwenda gulio la Kapalamsenga, ziwani. Kila jiwe lilinirusha juu, na ziwa nililiona mara mbili zaidi ya kawaida. Kisha ikapasuka. Wavuvi walicheka mpaka wakakaa chini. Nilicheka nao, kwa hasira.

Kila nikirushwa nilikuwa namtaja Fulgensi kwa jina lake lote la ubatizo.

Alhamisi, 12 Juni

Hatimaye Fundi Lazaro. Kijana wa Sitalike, ana banda la kushona siti nyuma ya soko la Mpanda. Muongo wa siku za kumaliza kazi, lakini kazi yake inasifiwa.

Aliniketisha juu ya mfuko wa nailoni uliojaa mchanga mbichi. Niliona aibu, wateja wapo. Niliposimama akatazama mashimo mawili niliyoyaacha, akayapima kwa shubiri. Mifupa ndiyo inakaa, anasema, nyama ni wageni tu. Siti inatakiwa iwe pana pale mifupa ilipo, iwe nyembamba mbele ili miguu ifike chini. Sponji ngumu kwanza, laini juu kidogo tu. Watu wanataka godoro. "Dada, godoro linakufikisha Sitalike. Baada ya hapo umekalia bati."

Nikataka ngozi ya bluu. Napenda bluu, kila mtu anajua, hata kitenge cha harusi yangu kilikuwa bluu. Lazaro akagoma. Akauliza nimesahau mitego ya mbung'o kule hifadhini, njia ya Kasansa, vile vitambaa vya bluu na nyeusi vilivyotundikwa kwenye miti. Vimetiwa rangi ile kwa sababu mbung'o wanaifuata kama harusi. Sijasahau. Nilitaka tu kupendeza. Nimechukua rangi ya mchanga. Mbaya, lakini haifuatwi na kitu.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeijaribu hadi Sitalike na kurudi. Paja la kushoto lilikufa ganzi. Nimeirudisha, Lazaro akanyoa sponji ukingoni kwa kisu cha mkate. Nikaenda tena. Nimeshuka nikatembea. Sikushika ukuta. Nilitembea mpaka kwa jirani bila sababu yoyote, anione.

Jumatano, 18 Juni

Leo ni siku yangu.

Nilikuwa bandani, Lazaro anapigilia misumari ya mwisho kwenye siti yangu. Akaingia Jaki na siti mkononi. Ile. Niliitambua kwa uzi mweupe nilioushonea mwenyewe ilipochanika. Fulgensi amepata pikipiki kuukuu isiyo na siti, na Jaki anataka kumfanyia mshangao kabla ya kipaimara. Anataka iwe laini sana. Godoro. Na ngozi mpya.

Akapitisha vidole kwenye vipande vyote. Akachagua bluu ya kung'aa. Pembeni nyeusi.

Jaki ni mtu wa mjini, wa kuja. Fulgensi naye alikulia Tabora kwa baba yake mdogo. Hifadhi anaipita ndani ya basi, amelala mdomo wazi. Hakuna kati yao anayejua. Lazaro anajua. Alifungua mdomo. Nilimkazia macho, akaufunga, akachukua mkasi.

Jaki akanigeukia, maskini, sauti ndogo: "Dada, si itapendeza?"

Nikamjibu, "Itakupendeza sana."

Ndiyo maneno mazuri ya kwanza niliyowahi kumpa. Nimerudi nyumbani nikiimba. Nimejipikia wali kwa nazi kama ni sikukuu. Waende. Wapakizane kwenye godoro lao la bluu, wakumbatiane vizuri, wafike Kasansa nyuso kama maandazi. Sijutii hata kidogo.

Ijumaa, 20 Juni

Mama yupo Mpanda tangu jana. Ametolewa mtoto wa jicho. Nimekwenda kumwona hospitali, nimempelekea uji. Jicho moja limefungwa, la pili bado ukungu, anaona weupe na weusi tu. Daktari anataka akae mpaka Jumanne aangaliwe tena. Amekataa. Kipaimara cha Neema hawezi kukikosa, atarudi Jumanne.

Nilisema nimpakize mimi. Akasema Fulgensi ameshamkatia tiketi ya basi la kesho. Vizuri. Kwenye basi hatapigwa na vumbi. Hao wawili watakwenda na pikipiki.

Nimetengeneza mkebe wangu: kopo lenye matundu, mavi makavu ya ng'ombe, kaa moja la moto. Linafuka polepole, nalining'iniza nyuma. Mbung'o hawapendi. Alinifundisha Mama mwenyewe, mwaka nilioolewa.

Jumamosi, 21 Juni

Niandike kama ilivyokuwa.

Nimetoka asubuhi. Siti kama nimezaliwa nayo. Nimepita Sitalike, nimeingia hifadhini, moshi nyuma, koti, helmeti imefungwa. Mbung'o wachache. Barabara kavu, twiga mbali.

Kisha nikaona pikipiki imesimama mbele. Bluu ile inaonekana kabla ya kitu kingine chochote. Fulgensi amevua shati, anapiga hewa, anajipiga, anaruka. Nyuma ya pikipiki mwanamke amechuchumaa barabarani, amejifunika kanga mwili mzima, kanga imejaa madoa meusi yanayotembea.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti ndani ya helmeti. Nilipunguza mwendo ili nipite taratibu, nione vizuri.

Ndipo nikaona miguu. Viatu vyeusi vya mpira. Rozari imezungushwa mkononi. Mama.

Jaki naye alitaka kwenda na basi, lakini lilikuwa limejaa. Tiketi ilikuwa ile moja ya Mama, na Fulgensi akampandisha Jaki. Mama akapakiwa kwenye pikipiki. Fulgensi alifunga siti asubuhi hiyo hiyo, akaona imependeza, akaondoka. Baada ya Sitalike godoro lilikuwa limelala, Mama anagonga bati kila shimo, anateleza. Alipiga kelele ashushwe. Wakasimama pale, mahali pabaya kuliko pote.

Mikono yake ilikuwa imevimba. Shingo. Sikio. Bandeji ya jicho imeshikilia, namshukuru Mungu. Nilimvalisha koti langu na helmeti yangu, nikamkalisha nyuma yangu, mkebe ubavuni kwake. Akanishika kiuno kwa mikono yote miwili, kichwa mgongoni kwangu. Hajawahi kunishika hivyo. Fulgensi aliomba mkebe. Sikumpa.

Njia nzima Mama alikuwa akiniambia Mungu anibariki. Nilitamani anyamaze.

Jumapili, 22 Juni

Neema amepata kipaimara. Nilisimama nyuma yake, mkono begani kwake.

Nyumbani, vigelegele. Mama amewasimulia wote. Jinsi mwanawe alivyompakia kwenye chuma, na jinsi mkwe wake alivyomtoa kinywani mwa wadudu. Anasema siti yangu ni kama kiti cha askofu. Shangazi mmoja baada ya mwingine walitoka nje kuikalia. Fulgensi, jicho moja limeziba kwa uvimbe, alikaa na watoto. Hakuna aliyemletea maji.

Jaki alipiga magoti kwa Mama akalia. Akasema kosa ni lake, rangi alichagua yeye, hakujua. Akasema hata Mama Oska alikuwepo kwa fundi, naye aliisifu. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatafuta mtu wa kukosea naye.

Mama akampapasa kichwa. Akasema basi, hamkujua wote wawili.

Kulia kwake nilikaa mimi. Vidole vyake havikunjiki, nilimlisha kwa mkono wangu. Nimepata kila nilichokitaka. Nyama yangu niliwagawia watoto.

Jumanne, 24 Juni

Nimemleta Mama Mpanda kuangaliwa jicho. Tulitoka Kasansa mapema. Mikono imepungua uvimbe. Daktari ameambiwa habari za mbung'o, amemchukua damu, anasema akipata homa arudi haraka. Nimemuuliza mara tatu kuhusu malale. Amesema tusubiri.

Bandeji imetolewa. Mama alitazama dirisha, akatazama viganja vyake, akanitazama mimi usoni kwa muda, akasema nimekonda. Alikuwa anafurahi kama mtoto. Njia nzima ya kutoka nje alikuwa akitaja rangi za vitu. Ukuta wa kijani. Ndoo nyekundu. Sare ya muuguzi.

Tukafika kwenye pikipiki, chini ya kivuli cha hospitali. Akasimama. Akaitazama siti. Akaigusa pale mbele, palipokatwa nyembamba, kisha pale pana. Akapitisha mkono kwenye ngozi yote.

"Ya mchanga," akasema.

Nikasema ndiyo, Mama.

"Wewe na bluu yako."

Mtu alikuwa anafagia majani karibu yetu, tukampisha.

"Kumbe ulikuwa unajua."

Hakupandisha sauti. Mimi nilikuwa natafuta ufunguo ambao nilikuwa nimeshaushika. Kisha akakaza kanga yake, akapanda nyuma polepole. Nikawasha. Nikasubiri mikono yake kiunoni.

Alishika chuma cha keria.