Kopo Ulilonifichia Rukoki

Baba Masika wangu,

Nimechoka hata kukusalimu. Nimekaa juu ya godoro lililofungwa kamba, sufuria zimeshaingia kwenye gunia, na kesho lori litanipeleka mimi na watoto Bwera kwa dada yangu. Nyumba yetu ya kambi amepewa askari mwingine na mke wake. Silalamiki, wamenivumilia. Mjane wa polisi hakai kambini milele, wewe mwenyewe ulinieleza hayo tulipokuwa tukiwaona wenzetu wakifunga virago. Lakini kabla sijaondoka nataka tumalize neno moja, mimi na wewe: lile kopo.

Mchezo huu uliutoa Kikorongo, ulipokuwa kazini kwenye kizuizi cha barabara. Wazungu wawili walishuka garini wakaanza kupekua mawe, simu mkononi, nawe ukawaendea mbio ukidhani wanatega bomu. Kumbe huko duniani watu wanaficha visanduku, wanaonyesha mahali pake kwenye simu, na watu wasiowajua wanakuja kuvitafuta. Jiokashi, ndivyo ulivyotamka. Jioni ile ulirudi unacheka peke yako. "Mama, wazungu iko na wazimu mzuri sana," ukaniambia. Wewe mtu wa Teso, mimi wa Butembo, lugha yetu ilikuwa Kiswahili hikihiki cha kambi, na sikumbuki siku nyingine uliyokisema kwa raha kama ile.

Sisi tukauita kopo, basi. Ulikatakata koti kuukuu la mtu wa boda, lile linalong'aa likimulikwa, ukapigilia vipande kwenye mikaratusi ya ule msitu ulio juu ya kambi, na kila mara ukavibandua kuanza njia mpya. Simu ilitufikisha ukingoni mwa msitu. Kutoka hapo ilikuwa tochi, kipande hadi kipande, mpaka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye zawadi yangu: sabuni, pipi, siku moja hereni. Tulikwenda giza likishaingia, kwa sababu mchana vipande havikuonekana vizuri, na mchana wenyewe ulikuwa wa serikali. Mara ya kwanza mlinzi alituona akapiga kelele: "Simama hapo! Nani?" Ukajibu kwa sauti ya gwaride, "Afande, ni mimi na bibi yangu! Tunatafuta kopo!" Kambi ilitucheka mpaka ikachoka. Mimi nililalamika njia nzima kwamba miguu inauma, na kesho yake nilikuwa wa kwanza kushika tochi.

Kisha kifua kikakukamata. Jioni ya mwisho kabla ya kwenda hospitali ulitoka peke yako, ukarudi umelowa jasho, ukakaa mlangoni bila kuvua viatu. "Kopo tayari," ukasema. "Hii iko ngumu kabisa. Nikitoka hospitali, tunaenda."

Hukutoka.

Tulikuzika kwenu. Niliporudi hapa kambini Rukoki nilifungua simu yako nione umelificha wapi. Hakukuwa na kitu. Nikasema umesahau, nitafuata vipande. Nikapanda na tochi, nikakuta visiki. Mwenye msitu alikuwa ameuza miti ya nguzo, nawe unajua mtindo wa huku: mnunuzi anapigilia alama kwenye kila mti aliouchagua, wakataji wanafuata alama. Wakaviona vipande vyako vinang'aa, wakadhani ni vya tajiri wao. Walikata njia yako yote, mti baada ya mti, na ile ya kando wakaiacha imesimama.

Nililia kwa hasira kuliko nilivyolia kaburini. Tangu hapo kila nilipopata nafasi nilipanda jioni, nikapekua majani na mashina, nikipita penye moto wa wale wakataji bila hata salamu. Nilikuwa nimeshika moyoni kwamba ndani ya kopo lile kuna neno la kuniaga, kwa maana hospitalini hukuniaga. Kuuliza si ujinga, lakini ningewauliza nini watu niliokuwa nikiwatukana kimoyomoyo?

Juzi wakaniuliza wao. Msimamizi wao, Kambale, mtu wa Beni, alisimama kando ya moto.

"Mama, minakuonaka kila mangaribi. Unatafuta nini?"

"Kopo la marehemu bwana yangu," nikasema. "Mmekata miti iliyokuwa inaonyesha njia."

Akaangalia chini, akaangalia motoni. "Ya maziwa? Ile iko hapa, mama. Tunachemshia chai."

Lilikuwa pale juu ya mafiga, jeusi tii.

"Haikufichwa," akasema. "Ilikuwa chini tu kwenye jiwe, pamoja na misumari na nyundo na ile koti. Alama zilikomea pale. Pale juu hakuna hata moja. Bombo zenye zilikuwa ndani, mama, tulikula. Utusamehe."

Nikacheka. Pipi tu, Baba Masika! Nilicheka mpaka Kambale akaniletea gogo la kukalia. Nilimwambia kopo wabaki nalo, huko juu kuna baridi. Kisha nikamwomba anionyeshe jiwe.

Si mbali. Ni katikati tu ya mlima, mahali ambapo zamani hatukupumzika hata mara moja. Nilikaa juu yake. Kwa hiyo ulipanda mpaka pale, pumzi ikakuishia, ukaweka nyundo chini, ukateremka ukaniambia tayari. Hukusahau kuweka kitu kwenye simu. Hakukuwa na cha kuweka. Nakukasirikia, na nakuhurumia, na nimechoka kufanya yote mawili kwa pamoja.

Basi pumzika. Nami nimeacha kutafuta, kesho nina safari, na watoto wataamka mapema. Ila kutoka kwenye lile jiwe bati la nyumba yetu linaonekana wazi, hata moshi wa jikoni. Ungeniita. Simu ilikuwa mfukoni mwako, na mimi nilikuwa hapo chini nakaanga samaki. Ningepanda nikushike mkono, tuteremke wote.

Mimi mke wako,
Mama Masika