Kilti ya MacPacit na Marinda Yaliyokaa Mbele

Bi Ishbel mpendwa,

Naomba msaada wako upesi, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, maana nimebakiwa na wiki tatu nioe na siku tano niseme ukweli, na sijui nianzie wapi.

Mimi ni Renzo Pacitti, nina miaka thelathini na moja, fundi wa friji hapa Largs, na mchumba wangu ni Morven Galbraith, anayefundisha watoto kuogelea, mwanamke ambaye nikimwona na ile filimbi yake shingoni nasahau hata nilikoegesha gari. Mwezi wa nne alinipeleka kwao Callander kunitambulisha, akaniambia, "Renzo, vaa suruali," lakini mimi nilishasikia kwamba baba yake, Mzee Murdo, ni mtu wa kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti, anaivaa hata akienda kutupa taka, nikaona nikitokea na suruali ataniona mtu wa kuja tu, kwa sababu babu yangu alitoka Italia na sisi hatuna ukoo wa milimani wala tartani yetu, ile miraba ya ukoo, basi nikaagiza kilti mtandaoni, moja ya hizi za kisasa, ya miraba ya zambarau, dhahabu na kahawia, ina mifuko mikubwa pembeni, haina bizimu hata moja, inafungwa kwa zile tepe za kunata zinazolia kama kitambaa kinachochanwa.

Nikaivaa chini ya kitambi maana juu yake ilikataa kukaa, na marinda nikayaweka mbele, kwa sababu niliona ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, sasa nani anaficha uzuri mgongoni? Mzee Murdo akafungua mlango, akanitazama kuanzia buti kupanda juu, akafika kwenye marinda akakwama.

"Kijana, umevaa nyuma mbele."

Hapo, Bi Ishbel, mtu mwenye akili angecheka, akaomba kuonyeshwa choo, akajigeuza. Mimi nikasema, "Ndivyo tunavyovaa kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kwa akina MacPacit. Zamani ndivyo tulivyoitwa."

Sijui jina hilo lilitoka wapi, koo nyingi za huku huanza na Mac, nami nikabandika. Nilidhani atanifungia mlango, kumbe ni mzee anayependa historia kuliko chakula, akanishika bega akanikalisha sebuleni akauliza kisa cha hayo marinda, nikajisikia nasema kwamba katika vita fulani mababu zetu waligeuza kilti zao ili adui asijue kama wanakuja au wanakimbia. Akatoa daftari akaandika. Aliandika, Bi Ishbel!

Bibi yake Morven, Bi Senga, alifanya kazi kiwanda cha kufuma vitambaa miaka thelathini na minane. Alikuwa kitini kwake ananitazama juu ya miwani. Akainuka taratibu, akaniletea bati la biskuti. Mfuniko wake ulikuwa wa zambarau, dhahabu na kahawia, miraba ileile, mistari ileile. Akaniinamia sikioni. "Chukua moja, mjukuu wangu. Ni za ukoo wenu."

Nilishtuka nikasimama, tepe ikalia kraaa, upande wa kushoto ukaachia, nikaubana kwa kiwiko, nikala chakula chote cha mchana kwa mkono mmoja, na Mzee Murdo akauliza, "Na huo mkono nao ni mila?" nikasema ndiyo, ni mkono wa ngao. Akaandika.

Nilidhani yataishia hapo. Sasa harusi ni tarehe kumi na nne Juni, na Mzee Murdo amemtungisha mpiga zumari wimbo wa kuingilia ukumbini, unaitwa "Kurudi kwa MacPacit", tena amewasimulia wajomba wote wa Morven, na sita kati yao wamekubali kuvaa kilti zao nyuma mbele kwa heshima ya ukoo wangu. Sita! Mmoja wao ndiye mchungaji atakayetufungisha ndoa.

Kilti Morven aliiona akanikunjia uso, lakini siku ile alikuwa jikoni na mama yake hata sisi tulipokula, hakujua lolote kuhusu MacPacit hadi juzi mjomba mmoja alipompigia simu kumuuliza, marinda yakikaa mbele, mkoba wa kiunoni unaning'inia wapi. Akanifuata karakana akaniambia, "Baba anausimulia huo upuuzi wako mpaka kanisani. Jumapili umwambie mwenyewe. Nikimwambia mimi, nitamwambia pia kwamba harusi haipo."

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba baba yangu, Mzee Ottavio, ambaye bado anauza aiskrimu pale ufukweni, alizisikia habari za MacPacit kwa mteja. Hakunigombeza. Alisema tu, "Babu yako alisukuma mkokoteni kwenye mvua ya hapa miaka ishirini, jina lake limeandikwa ubavuni. Lilikukosea nini?" Kisha akaendelea kuosha vijiko.

Nifanyeje? Na samahani kuongeza hili, lakini kilti bado naipenda, nikiivaa najiona nina miguu mizuri. Nimeona nyingine ya ngozi nyeusi yenye minyororo. Naweza kuoa nimevaa hiyo?

Renzo, Largs

*Bi Ishbel anajibu*

Renzo, siku tano hazingoji gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu barua ilipofika, na mara mbili ulikata ukidhani ni Mzee Murdo. Wasomaji wangu wanastahili kusikia niliyokuambia, kwa hiyo nayarudia, na safari hii sipigi kelele.

Nimecheka. Samahani. Nimecheka hadi jirani akagonga ukuta. Kisha nikafika kwa baba yako na vijiko vyake, nikaacha kucheka. Mwanangu, hukuaibika kwa sababu ya marinda. Uliaibika kwa sababu ulisimama mlangoni kwa watu ukalikana jina la babu yako kabla hata hujaulizwa. Nani alikuambia kilti inahitaji kibali cha ukoo? Nchi hii imejaa watu wanaovaa miraba waliyoipenda dukani, na hakuna askari aliyewahi kuwakamata.

Nilikuambia uanze kwa Mzee Ottavio, umwombe radhi, kisha uende naye Callander, na umevaa suruali. Ukabisha. "Bi Ishbel, ataniua." Nikakuambia ukifa nitakuandikia tanzia nzuri.

Mkaenda. Kwa ulivyonisimulia jana, ulipomaliza kukiri Mzee Murdo aliuliza, "Hata ile vita?"

"Hata ile vita, baba."

"Na mkono wa ngao?"

"Tepe iliachia."

Akafungua daftari, akachana kurasa nne, akatoka nazo bustanini. Mlidhani amekwenda kulia. Aliporudi alikupita wewe kama kiti, akakaa karibu na baba yako, akageuza ukurasa mpya. "Bwana Pacitti, ule mkokoteni ulikuwa wa magurudumu mangapi?" Wakazungumza hadi chai ikapoa mara mbili. Wimbo utabaki uleule, jina limebadilishwa, na atakayeingia nao ukumbini ni Mzee Ottavio. Wewe utaingia kimyakimya kwa mlango wa pembeni. Ni adhabu ndogo, ipokee. Na wajomba sita uwapigie simu mmoja mmoja, ukianza na mchungaji.

Sasa mavazi, maana huko nako unahitaji kuokolewa.

Ya ngozi, hapana. Mwezi wa sita utatoka jasho, na kila ukikaa italia kama mlango wa ghala. Minyororo mwachie mbwa. Nenda kwa fundi akushonee kilti ya twidi, ile sufu nzito, ya kijivu, isiyo na miraba yoyote. Ni ya kisasa, ni nzuri, na haimdai mtu ukoo. Mifuko ya pembeni ukiitaka iwe midogo, na usiweke bisibisi ndani. Ifungwe kwa mikanda na bizimu, tepe za kunata ziache kwenye viatu vya watoto.

Ivae juu, usawa wa kitovu, kitambi kikae ndani yake badala ya kuitazama kwa juu. Pindo lifike katikati ya goti: piga magoti, likigusa sakafu kidogo tu limekaa sawa, likilala ni refu. Marinda nyuma, Renzo. Nyuma! Yanachezacheza ukitembea, na uzuri huo ni wa wanaokutazama ukipita, si wako. Pini ya pambo pale mbele ishike kitambaa cha juu peke yake, ukiyabana mapande yote mawili pamoja utaichana kilti kwenye dansi ya kwanza. Soksi za sufu zikunjwe chini ya goti. Buti zako zinafaa, zipige rangi. Miguu unayo kweli, Morven ameniambia.

Na kwa wale wanaume mtakaoniandikia kuuliza nini kinavaliwa chini yake, nawajibu humu humu. Renzo, vaa kitu. Juni ya Largs ina upepo, na Bi Senga ameomba kiti cha mstari wa mbele.