Dakika ya Ishirini na Mbili

Mshauri wangu wa kila Jumamosi, shikamoo, na kabla sijakuomba msaada naomba kwanza nikushukuru, maana safu yako tunaisoma kiwandani kwa kupokezana wakati wa chai, na wewe hujui ni magomvi mangapi umeyamaliza kwenye ile meza yetu bila kutuona.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, nafanya kazi kiwanda cha kushona sare za shule, nilianza nikishona kola tu, kola asubuhi kola jioni, ndiyo maana mpaka leo wananiita Mama Kola, na sasa nasimamia chumba chenye cherehani thelathini, na kwa kuwa wenzangu walizoea kuja kunimwagia ya moyoni, mwaka jana nikajiandikisha kusomea ukocha, siyo wa mpira, huu wa kukaa na mtu aliyekwama kazini au maishani ukamwuliza maswali mpaka aione njia yake mwenyewe, maana wewe huruhusiwi kumpa jibu. Darasa nimemaliza. Ila cheti hakitoki mpaka upate jumla ya masaa kumi na kocha mzoefu, tunamwita mlezi, anayesikiliza mazungumzo uliyoyarekodi kwa ruhusa ya mteja na kukuambia wapi umepatia na wapi umeharibu.

Mlezi niliyempata ni mkunga mstaafu, na namshukuru Mungu kwa ajili yake, maana wawili wa kwanza walinijibu hawana nafasi, yeye akasema njoo mwanangu, ila niletee rekodi ukiwa vilevile ulivyo, usiipambe. Nikarudi nyumbani nikasikiliza niliyokuwa nayo, ya mkata vitambaa wetu aliyekuwa hajui aache kazi au abaki, na mshauri, nilitamani ardhi ipasuke inimeze, katika dakika arobaini mimi nimeongea thelathini na moja, nimemshauri, nimemkemea, nimemhadithia nilivyojifungua mtoto wa kwanza, na yeye maskini anasikika tu akisema ndiyo mama, sawa mama.

Basi aibu ikanitia ujinga. Nikamwita wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu, ambaye fadhila zake siwezi kuzimaliza kuzitaja, ndiye aliyekuwa akikaa na wanangu wawili nilipokuwa zamu ya alfajiri, na ndiye aliyenijazia fomu ya ukocha, tukakaa jikoni kwangu nikaandika maswali kumi na mawili na majibu yake, yeye ajifanye mteja anayetaka kubadilisha kazi, tukacheka mpaka machozi, halafu tukarekodi na nikaipeleka.

Mlezi aliisikiliza nikiwa nimekaa mbele yake, akasifu sauti yangu, akasifu utulivu, kisha akarudisha nyuma akasema hebu sikiliza hapa, dakika ya ishirini na mbili. Ndipo mimi nikamsikia wifi yangu kwa mara ya kwanza. Swali la nane lilikuwa, wewe mwenyewe unataka nini, na hakusoma jibu la kwenye karatasi, alisema, "Unajua, tangu mume wangu aondoke hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo." Na mimi nikasema, "Asante. Kwa kipimo cha moja mpaka kumi, uko tayari kiasi gani kubadilika?" Akajibu saba, kwa sababu karatasi ilisema saba.

Mlezi akaniambia, "Hapa mtu amekuambia jambo, ukampita. Rudi kwake, halafu uje unieleze." Hajui kama ni wifi yangu, wala hajui kama tulikuwa tunaigiza. Wiki ya pili sasa nakwepa simu zake. Wifi naye ni yuleyule, anakuja, tunakunja nguo pamoja, ananiuliza cheti kimefikia wapi, na mimi namwambia kiko njiani, naendelea kukunja. Nikisema ukweli naogopa mlezi ataniacha na mwingine simpati, nikinyamaza masaa yote kumi yatakaa juu ya uongo. Nifanyeje?

Mama Kola

*

Mama Kola,

Marahaba, na asante kwa salamu za meza ya chai. Wewe ulisomea kutotoa majibu. Mimi gazeti linanitaka niyatoe, kwa hiyo kaa vizuri.

Nikugombeze kwanza, halafu tuwe marafiki. Umekwenda kumdanganya mkunga. Mwanamke aliyezeeka akiwasikiliza wenzake wakisema hawaumwi huku wameng'ang'ania chuma cha kitanda, wewe unadhani karatasi yako ilimpita? Sijui. Labda ilimpita, labda anakusubiri. Vyovyote iwavyo, alikuomba jambo moja, nawe ukafua nguo zote kwanza ndipo ukampelekea dobi. Zile dakika thelathini na moja za kuropoka ndizo anazoweza kukusaidia nazo. Kwa rekodi ya kuigiza angekufundisha nini?

Haya, nimemaliza kugomba, sasa nikuambie ninachokiona. Naona mama mwenye bahati ambaye ameshindwa kuitambua. Mlezi amekupa somo kubwa siku ya kwanza tu, na wifi yako amekuamini kwenye mchezo kuliko wengi wanavyoaminiwa kwenye kweli. Wewe unaogopa kupoteza cheti. Mimi ningeogopa zaidi kumpoteza mtu anayekunja nguo zako huku akisubiri umsikie.

Kwa hiyo anza na wifi, na anza leo. Usimwite mteja, usiwashe simu, na ule ukocha uache mlangoni, maana pale wewe ni wifi tu. Mwambie ulimsikia ukiwa umechelewa, na umwombe radhi. Mwambie pia kwamba mlezi alisikia maneno yake yale, na kama anataka yafutwe, yafute mbele yake. Kisha mshukuru, na usimshukuru kwa jumla: zitaje zile alfajiri, itaje ile fomu. Nina wasiwasi hayo yote umeniandikia mimi nisiyekujua na yeye hujawahi kumwambia.

Kesho yake mpigie mlezi kabla hajakupigia. Mweleze yote kwa sentensi tatu, usimhadithie ya kujifungua. Mwombe saa ile isihesabiwe, na kama mkata vitambaa alikubali rekodi yake isikilizwe, ipeleke na aibu zake zote. Akikuacha, mshukuru hivyohivyo, utatafuta mwingine, na utakwenda na rekodi ya kweli. Ila mtu aliyesema njoo mwanangu, mimi nisingewahi kumkatia tamaa.

Sasa turudi jikoni. Ukishamaliza kumshukuru wifi, mwulize tena swali lile la nane, anataka nini yeye mwenyewe. Atanyamaza. Hapo ndipo utakapotaka kusema neno, nakujua, wewe wa dakika thelathini na moja. Nyinyi mafundi mnajua kubana pini kwa midomo mkiwa kazini, zibane. Mwache anyamaze, mwache alie kama atalia, mwache aseme mpaka amalize. Na usitafute karatasi, Mama Kola. Safari hii hakuna swali la tisa.