Silinda Tatu za Verlin

Jumanne, 6 Mei
Nimefungua karakana. Mara ya kwanza tangu tumzike Verlin, mume wangu, Februari. Koti lake bado liko kwenye msumari. Nilidhani nitalia. Nilifagia.

Kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, kuna bastola ya yule mteja wa mji wa Casper, haijakwisha. Nakala ya Kitaliano, mtindo wa kale: baruti na gololi unashindilia kwa mbele, fataki unabandika kwa nyuma. Mteja anataka itumie risasi za ganda. Miaka ishirini na sita ndiyo kazi yetu hiyo. Verlin anakereza silinda mpya, ile inayozunguka yenye matundu sita ya risasi, mimi napima.

Nikasema niimalize, nipate cha kufanya. Nikaipima silinda kwa mazoea tu.

Tundu moja limepinda.

Jumatano, 7 Mei
Nimepima mara nne. Limepinda. Upande mmoja ukuta umebaki mwembamba kama ukucha. Ingempasukia mtu mkononi.

Verlin hakuwahi kupindisha tundu. Hakuwahi!

Desemba alisimama jikoni na kiatu mkononi, akaniuliza hiki cha nani. Nikacheka. Naye akacheka. Wiki ileile akaniambia nisimpimie kazi zake tena, yeye si mtoto wa shule. Sikutaka ugomvi. Majira yote ya baridi sikupima hata silinda moja.

Kilichomuua ni moyo. Kwa hiyo ya kichwani mwake hakuna aliyeyajua — hata Janelle, binti yetu. Mimi tu.

Daftari lake linasema silinda tatu zilitoka hapa kati ya Novemba na Januari. Mwandiko wa ile ya tatu unapanda mlima.

Nimekula viazi vya jibini vya mtu fulani. Friza bado imejaa vyakula vya msiba. Vyote vina ladha moja.

Ijumaa, 9 Mei
Nimepiga simu mbili. Bwana mmoja wa Idaho, mwalimu mmoja wa Rapid City. Nimewaambia ni ukaguzi wa kawaida, wasizipige kwanza, wanitumie silinda. Wote wakanipa pole. Mwalimu akasema Verlin alikuwa fundi wa mwisho wa aina yake. Nikasema ndiyo. Sauti yangu ilitoka vizuri, kama ya karani wa benki.

Ya tatu ni ya Orrin. Sikumpigia.

Jumapili, 11 Mei
Siku ya akina mama. Janelle kapiga kutoka Billings. Mama unakula? Nakula. Mama unalala? Nalala. Akauliza kama nalia. Nikamwambia upepo umeng'oa bati la banda la kuni.

Jumatano, 14 Mei
Zimefika zote mbili. Ya Idaho, ya Novemba, safi kabisa — kazi ya Verlin mwenyewe. Nimeishika muda mrefu. Ya mwalimu, ya Desemba, matundu mawili yamekwenda upande. Nimeitia kwenye jiliwa nikaikata vipande viwili.

Nikampigia Orrin. Daktari wa meno mstaafu, rafiki wa Verlin miaka thelathini, mmoja wa waliobeba jeneza. Nikaanza na ule wimbo wangu wa ukaguzi wa kawaida. Akanikata.

— Shemeji, nimeshapiga risasi mia mbili kwa ile bastola. Inaimba.
— Niletee niipime tu, Orrin.
— Jumamosi nashindana. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho aliyonifanyia. Nitakwenda nayo, na hakuna atakayeigusa.

Nikamwambia moja imeharibika. Akasema basi itakuwa mteja kaichokoa mwenyewe. Akaniambia nipumzike, majonzi yana mambo yake.

Ningemwambia hapohapo. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Nikasema haya, asante.

Ijumaa, 16 Mei
Nimempigia mara tatu. Hapokei. Nimepiga pasi shati. Sijui la nini.

Jumamosi, 17 Mei
Naandika ndani ya pikapu, uwanja wa shabaha. Saa nne na nusu asubuhi. Upepo tu, na vumbi.

Nimewakuta wamevaa kofia zao za wachunga ng'ombe wa zamani na viatu vyenye vichokoo vya farasi, wazee wazima wakiitana majina ya uwanjani. Orrin wanamwita Kasisi Ng'oa. Alikuwa amesimama wa tatu kwenye foleni, bastola kiunoni. Nikaenda moja kwa moja. Cheryl, anayesimamia uwanja, akapiga kelele: Twila, hujavaa miwani ya kinga! Sikusimama.

— Orrin, usiipige hiyo.
— Tumeshaongea, shemeji.
— Hatujaongea.

Nikasema. Mbele ya watu wote nikasema. Kwamba Verlin alikuwa mgonjwa kichwani, majira yote ya baridi. Kwamba Januari nilikuwa namfungia kamba za viatu. Kwamba alikereza silinda ile siku aliyoniuliza jina langu — na mimi nilijua, na nikamwacha aende karakana kwa sababu ni huko tu alikotulia.

Ilikuwa kama kusoma bei za vitu dukani. Hakuna kilichonipata. Mtu mmoja alivua kofia.

Orrin akawa mwekundu mpaka masikioni.

— Unamchafua mtu aliye kaburini. Mumeo!
— Nipe niipime.
— Verlin alinitengenezea hii akiwa na akili zake timamu. Alinipigia hadithi saa nzima!
— Hadithi gani?

Akashusha macho kwenye bastola. Halafu akasema, polepole, ile ya farasi na mkwewe. Akasema Verlin aliirudia mara tatu siku ile. Akasema yeye alidhani ni mzaha.

Cheryl akanyoosha mkono. Bwana, toa. Akatoa. Nikapima juu ya boneti la gari la Cheryl, watu wametuzunguka. Imepinda — lakini si kama zile mbili. Kidogo. Si ya kutupa moja kwa moja, si ya kumpa mtu mkononi. Ningekuwa karakana ningeikata bila kufikiri. Nikawaambia hivyo.

— Kidogo! akasema Orrin. Mmesikia? Kidogo!

Akataka wajaribu. Cheryl akaona bora hivyo kuliko wagombane. Wameifunga kwenye tairi la trekta kule bondeni, kamba ndefu kwenye kifyatulio, watu wote nyuma ya trela. Nikasema hata ikishika leo bila kupasuka, hiyo haimaanishi itashika kesho. Orrin akaniinamia karibu, macho yamejaa maji.

— Ikishika zote sita, shemeji, usinitajie tena ugonjwa wa Verlin. Kamwe.

Nimekuja kukaa humu. Cheryl anakwenda anainua nyundo ya bastola, anarudi, anavuta kamba. Moshi mweupe unatoka, upepo unaupeleka.

Risasi ya kwanza, silinda imeshika. Mtu kapiga makofi, mwingine akamnyamazisha.

Ya pili imeshika.

Ya tatu. Orrin ameweka mikono kichwani. Anatabasamu kama mtoto. Hajui namwona.

Nimejikuta naomba ipasuke. Mungu wangu. Naomba ipasuke, nisiwe nimemvua nguo mume wangu mbele ya watu bure. Halafu naomba isipasuke, angalau hii moja. Yote mawili kwa pamoja, mpaka kalamu hii siwezi kuishika vizuri. Tazama mwandiko.

Ya nne imeshika.

Cheryl anakwenda tena. Anainua nyundo. Ameinama anaangalia kitu ubavuni mwa silinda, kama ufa — amemwita Orrin. Orrin hasogei. Amegeuka anatazama huku, kwenye pikapu. Ananiita kwa mkono.

Nafungua mlango.