Matandiko ya Vinyoka vya Sinani

Jumatatu, 8 Septemba
Nimebadilisha maji ya vinyoka. Nimevaa glavu za kufulia. Mume wangu Sinani ameondoka asubuhi na lori la simenti. Atapitia Bwera, avuke mpaka kwenda Beni, Kongo. Mayai ya vinyoka hivi aliyaokota Muhokya, kwenye lundo la maganda ya kahawa lililokuwa linasawazishwa. Yakaanguliwa humu chumbani, ndani ya beseni la mfuniko. Anasema ni nyoka wa kula panya, hawana sumu. Nikauliza anajuaje. Akacheka. Mimi sivipendi. Hapa uani Bulembia hakuna anayejua. Wakijua watatuita wachawi.

Jumanne, 9 Septemba
Gazeti nililovitandikia limelowa, linanuka. Jingine sina. Mchanga Sinani aliukataza, eti vinaumeza pamoja na chakula. Nimeomba maranda kwa fundi seremala. Nimesema ni ya vifaranga. Vinyoka vimezama ndani yake, havionekani. Kuviona naogopa. Kutoviona naogopa zaidi.

Alhamisi, 11 Septemba
Vinapumua midomo wazi. Puani povu. Nimempigia Sinani, bado yuko Bwera kwenye foleni ya malori. Nimemweleza.
"Maranda ya mti gani?"
"Sijui. Yananukia."
"Toa yote! Hiyo harufu itaviua. Weka karatasi."
Nimechana mifuko ya unga, nikatoa maranda kwa kijiko. Kimoja kilikuwa kimeshakufa. Nimelia. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 12 Septemba
Kimeniuma.
Nilikuwa nafuta vumbi lililobaki. Glavu zilinibana, nikazivua. Kidole cha shahada, matone ya damu. Mwanangu Zaina alikuwa amelala kitandani, hatua chache tu. Nikafikiri: nikianguka, nani atafunika beseni? Nikalifunika haraka. Simu ya Sinani haipatikani, ameshavuka.
Nilikaa kwanza. Niliogopa majirani kuliko sumu. Kisha kidole kikaanza kuwaka, au nilidhani kinawaka. Nikambeba Zaina, nikatoka nje, nikamwambia Mama Kabugho, mwenye nyumba, mbele ya wote.
"Nyoka? Kwa nyumba yangu? Na mutoto iko ndani?"
Akaita boda. Akapanda nyuma yangu, Zaina mgongoni kwake. Njia nzima ananigombeza. Njia nzima amenishika kiuno nisianguke.
Kliniki wamenilaza mpaka jioni, wanautazama mkono. Haukuvimba. Muuguzi amesema nirudi nyumbani. Kumbe Sinani alisema kweli. Hata hivyo nina hasira naye.

Jumamosi, 13 Septemba
Wanawake wamehamisha majiko yao mbali na mlango wangu. Hakuna aliyenisalimu. Nimemfunga Zaina mgongoni kutwa, hata nikipika.
Mchana jirani wa ukuta mmoja amekuja na dumu la petroli. Anataka kuchoma beseni humo humo ndani. Nimesimama mlangoni. Mama Kabugho akaja mbio.
"Unachoma nyumba ya nani, wewe?"
Ameondoka na dumu lake. Mama Kabugho akanigeukia. Kesho vitoke, la sivyo nitoke navyo. Nimesema sawa. Sikula. Kila karatasi ikichakarika ndani ya beseni naruka.

Jumapili, 14 Septemba
Sinani amerudi. Amenishika kidole, amekitazama. Ameenda kumwomba radhi Mama Kabugho, kisha jirani. Nilimwona ameinamisha kichwa.
Tumepeleka beseni mlimani, juu ya mashamba, kwenye mawe. Alikuwa anavitoa kimoja kimoja, polepole, kila kimoja kwenye ufa wake. Macho mekundu. Nikamwambia cha mwisho nitakitoa mimi. Nikatia mkono bila glavu.
Kilijizungusha kwenye kidole changu. Baridi. Chepesi kama kamba ya kiatu. Sinani akataka kukivuta. Nikamwambia aache.
Niliogopa. Nilikaa juu ya jiwe mpaka kikaachia chenyewe.