Kompyuta ya Siok-hun Haitaki Kuwaka

Jumatatu, 4 Machi
Haikuwaka. Mke wangu Siok-hun kabonyeza — kimya. Kabonyeza tena — tuli kama maji ya mtungini.

Na mke wangu kaiunda mwenyewe, skrubu kwa skrubu! Muuzaji kule Guanghua, soko la vifaa vya kompyuta, alimwambia, bibi, niachie nikufungie. Akamjibu: "Asante baba, mikono ninayo." Nilivimba kichwa utadhani nimesema mimi.

Ila kurasa za mwisho za kitabu chake cha katuni zimo humo, hazijatiwa rangi. Kinahusu wasichana wa kiwanda cha miavuli, alikofanya kazi kabla hatujaoana. Mchapishaji anazitaka Ijumaa, saa sita mchana. Zikichelewa, nafasi yake anapewa mwingine.

Jumanne, 5 Machi
Kagundua waya wa umeme wa prosesa haukuingia vizuri. Kausukuma — tak! Feni ikazunguka, ikakata. Si haba.

Mwanetu Kian-bing kapiga simu. Mama acha kujitesa, nitakununulia iliyo tayari. Siok-hun kamjibu: "Hata wewe sikukununua tayari dukani!" Chai ikanipalia kwa kicheko.

Jumatano, 6 Machi
Aibu yangu leo!

Asubuhi hata feni haikuzunguka. Siok-hun kapima waya mmoja mmoja, jasho linamtoka. Kumbe ni mimi. Jana jioni nilinunua ile pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi ili mashine itulie — kule benki nilikofanya kazi, kila mashine yetu ilikuwa na yake, ya kuleta bahati. Kijani tu, ya njano ni balaa. Nikaibana nyuma, kati ya kompyuta na ukuta. Pakiti ikakandamiza swichi ya nyuma. Umeme ukakatika!

Kaichomoa, kaniangalia. "Baba Kian, hii ni ya kuituliza au kuizika?"

Nilidhani ataitupa. Wapi! Kaangalia tarehe, maana iliyoisha muda haina bahati, kaiweka juu ya meza, upande wa mbele. Kisha karudi kwenye waya zake.

Alhamisi, 7 Machi
Feni inazunguka, inakata. Inazunguka, inakata.

Uji wa wali niliompikia umepoa. Kavipanga vifaa vyote juu ya gazeti, kila kimoja na skrubu zake, anaanza upya. Hanung'uniki. Mimi ningeshaipiga teke. Nimekaa tu namtazama. Mwanamke huyu! Nampenda, na naogopa kesho ataumia.

Ijumaa, 8 Machi
Kachomoa vijiti vyote viwili vya kumbukumbu, karudisha kimoja tu. Kabonyeza. Feni haikukata! Kisha mlio mmoja, mfupi.

"Umesikia? Iko hai! Baba Kian, iko hai!" Kanishika sikio kama mtoto.

Ila skrini nyeusi ti. Saa nne imepita.

Simu ikaita — mhariri wa kule kwa mchapishaji. Siok-hun kichwa kimo ndani ya kasha, hata hakugeuka. "Mwambie niko kazini."

Miaka yote ya benki, yeye ndiye aliyepokea simu nyumbani na kuwaambia watu hivyo juu yangu. Hakuna aliyewahi kusema hivyo juu yake.

Nikapokea, nikaweka shati sawa kana kwamba naonekana. "Samahani, mke wangu yuko kazini. Hawezi kukatizwa."

Mhariri kasema sawa, atapiga tena kabla ya saa sita. Skrini bado nyeusi. Siok-hun kanyoosha mkono nyuma — anataka tochi. Naenda kuileta.