Kemunto Asoma Barua ya Baba Yake

Kebirigo, Jumanne, Juni 1969

Na huyo ndiye msomaji wangu bora! Nimeudhika hata chai imenipoa mezani.

Leo mzee mmoja aliniletea shuleni barua ya Kiingereza kutoka ofisi ya kilimo, nimsomee. Ni baba yake Kemunto wa darasa la sita, yule aliyepewa zawadi ya kusoma kwa sauti mbele ya wageni. Nikamwambia, "Mzee, nikusomee mimi na binti yako yupo?" Ukweli ni kwamba nilitaka kujigamba.

Kemunto akasoma. Hakukwama popote. Penye mkato alipumua, penye nukta alishusha sauti, kama nilivyomfundisha. Baba yake alitabasamu mpaka machozi yakamlenga.

"Sasa inasema nini, mwanangu?"

Kemunto akanitazama. Akaitazama barua. Kisha akaanza kuisoma tena kutoka juu, vizuri kuliko mara ya kwanza.

Nikamnyang'anya. Miche ya chai ya mzee ilipaswa kuchukuliwa Ijumaa iliyopita. Asiyefika, yake angepewa mwingine. Ilibidi nimweleze mimi.

Nimemkasirikia msichana wa watu jioni nzima, bure tu. Kwenye vipindi vyangu kuna matamshi, kuna sauti, kuna kusimama wima. Lakini kumwuliza mtoto amesoma nini, mimi sijawahi...

Mzee alipoondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Mwaka ujao, alisema, atamleta na mdogo wake Kemunto, nimfundishe vivyo hivyo.